Majina kwa Kalamu ya Risasi

Nyuma ya duka la baba mkubwa, hapa Asiatique, kilikuwapo chumba ambacho wateja hawakukijua. Mbele ilikuwa misumari, bolti, kamba za katani na ndoo za plastiki zilizopandiana mpaka darini. Ukishavuka pazia la kitenge unakuta matangi saba ya kioo, maji yametulia, mwanga wa kijani kama wa chini ya migomba. Samaki walikuwamo, wachache, wa kuwahesabu. Mgeni aliyebahatika kuingizwa humo aliwakimbilia wao kwanza, na baba mkubwa alimwacha awatazame. Yeye alikuwa akivuta kigoda chake mbele ya tangi lisilo na samaki hata mmoja, akakaa anatazama majani.

Kila tangi lilikuwa na utepe mweupe wa karatasi uliobandikwa kwenye kioo, na juu ya utepe, jina. Majina yote yaliandikwa kwa kalamu ya risasi. Nilidhani ni ubahili, kwa kuwa kalamu za wino zilijaa kopo zima pale kaunta. Nilipomuuliza alinijibu kwa ufupi: wino ukiloa hukimbia, risasi hailoi. Nikaridhika. Ilinichukua miaka kujua kwamba nilikuwa nimepewa nusu ya jibu.

Siku ya kwanza aliponiita nyuma ya pazia nilikuwa na miaka kumi na miwili. Alichomoa uzi mmoja wa kijani majini, akanilazia kiganjani kitu baridi chenye kuteleza. "Hii ni nini?"

"Majani, baba mkubwa."

"Majani anakula mbuzi. Nimekuuliza hii ni nini."

Sikuwa na jibu. Wala yeye hakunipa jina. Aliurudisha uzi ule majini, akasema nitazame mpaka adhana ya alasiri, kisha nimwambie nimeona vitu vingapi.

*

Mtaa wenyewe ni somo la majina yaliyotolewa kwa haraka. Wabelgiji walipoupanga mji wa Bujumbura, uliokuwa ukiitwa Usumbura, waliwagawa wakazi wake kama mtu apangavyo magunia ghalani: Wazungu upande wao, Waafrika Buyenzi na Belge, ambayo leo ni Bwiza, na wafanyabiashara waliotoka ng'ambo ya bahari wakapewa Asiatique, mtaa wa Waasia. Ndani ya neno hilo moja walitiwa Makhoja wa Ismailia, Wahindi wa Kisunni na Waarabu wenye asili ya Omani, watu waliotofautiana kwa lugha ya jikoni, kwa nyumba ya ibada, kwa viungo vya pilau. Bidhaa zao zilikuja kwa reli kutoka Dar es Salaam, baada ya njia hiyo kufika Kigoma mwaka 1914, kisha zikapanda meli hadi bandari yetu. Aliyewatazama kwa mbali aliona kundi moja. Aliyekopa chumvi kwao alijua nani ni nani.

Leo wengi wa waliolibeba jina hilo wameondoka, na jina limebaki ukutani na midomoni. Tunasema "nashuka Asiatique" bila kuifikiria Asia hata kidogo. Sikuliona hilo utotoni. Nililiona baadaye, nilipokuwa nimeshazoea kuuliza mmea maswali kabla ya kuuita.

Kazi ninayoisifu hapa ni hiyo: kuutambua mmea hai ndani ya tangi la maji baridi. Haina karakana, haina sare, na anayeifanya huonekana hafanyi kitu. Wahenga walisema ukiona vyaelea, vimeundwa. Walikuwa wakisema juu ya vyombo, lakini hata jani linaloelea limeundwa, na kulisoma lilivyoundwa ni ufundi kama wa fundi seremala anayegonga ubao na kujua ni mvule au ni mninga.

*

Baba mkubwa hakuanza na jina. Alianza na mahali. Mmea unakaa wapi? Unaelea juu na mizizi yake inaning'inia? Umeota mchangani? Umeshika jiwe au gogo? Au haukushika chochote, unazurura katikati ya maji? Swali hilo peke yake hupunguza wageni mia wakabaki kumi mlangoni.

Swali la pili: majani yanatokea wapi? Kuna mimea ambayo majani yote huchomoza shinani mahali pamoja, kama kitunguu. Kuna yenye shina refu lenye vifundo, na kwenye kila kifundo majani yamepangwa mawili mawili, au moja moja kwa zamu, au yamezunguka shina kama watu waliozunguka sinia. Na kuna yenye tunguu linalolala kama tangawizi, majani yakisimama juu yake mstarini.

Hapo tu ndipo aliponiruhusu kuuliza juu ya jani lenyewe: ukingo wake, ncha yake, mishipa yake. Ua lilikuja mwisho, kama mahakama ya rufaa. Na rangi hakutaka kuisikia. "Rangi ni hali ya hewa," alisema. Mmea uleule ukiwa karibu na taa huwa na wekundu, ukiwa kivulini huwa kijani kibichi, ukikosa chuma majini hugeuka manjano. Anayetambua kwa rangi huitambua taa.

Uzi ule wa siku ya kwanza ulikuwa Ceratophyllum, na nilipoutazama mpaka alasiri niliona vitu vitatu. Hauna mzizi hata mmoja. Majani yake yamezunguka shina. Na kila jani linagawanyika mara mbili, kisha kila tawi linagawanyika tena, kama manati iliyozaa manati. Baba mkubwa aliufurahia mgawanyiko ule. Akaniletea mmea wa pili, Myriophyllum, ambao kwa jicho la mpita njia ni ndugu yake wa tumbo moja: laini, wenye nywele, kijani kilekile. "Tenganisha." Nilishindwa. Akavichukua vyote viwili akavitoa nje ya maji. Ule wa pili ulinywea mkononi mwake kama manyoya ya kuku aliyenyeshewa. Wa kwanza ulibaki na ukakamavu kidogo, ukikwaruza. Ndipo nilipoona: jani la Myriophyllum lina uti katikati na nyuzi pande mbili, kama unyoya. Lile la kwanza halina uti, lina njia panda. Tangu siku hiyo sijawahi kuvichanganya, na sikuhitaji kukariri neno.

Hii ndiyo raha ya kazi hii. Tofauti ukishaiona haifichiki tena. Jana ulikuwa na kijani kimoja mbele yako. Leo una viwili, na dunia imeongezeka ukubwa bila mtu kukutoza senti.

*

Kulikuwa na masomo ya jicho na masomo ya kidole. Somo la kidole lilikuwa Hydrilla. Mmea huu umo ziwani mwetu, na una mapacha wawili wa bandia kutoka Amerika, Egeria na Elodea, ambao huuzwa kote duniani kwa wafuga samaki. Wote watatu wana shina refu na majani madogo yaliyolizunguka. Kanuni ya kwanza ni kuhesabu: Elodea huwa na majani matatu kwenye kila kifundo, Egeria mara nyingi manne, Hydrilla mara nyingi matano, ingawa yaweza kuwa matatu na yaweza kufika manane. Kwa hiyo hesabu hushauri, haihukumu. Hapo kidole huingia. Ukipitisha Hydrilla kati ya kidole gumba na cha shahada, hukwaruza: kingo zina meno yanayoonekana hata bila lenzi, na chini ya jani, kwenye uti wa katikati, huwa na vijiba. Egeria hupita laini. Na ukifukua tope ulimoota Hydrilla, utakuta viazi vidogo kama njegere, ambavyo mapacha wake hawana.

Mtu atauliza: kwa hiyo? Majani ni majani. Kisa cha Florida kinajibu. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, mfanyabiashara wa samaki wa mapambo aliingiza huko mmea kutoka Ceylon, ambayo leo ni Sri Lanka. Uliuzwa kwa jina la kubuni lenye kuitaja India na nyota, jina la kupendeza na lisilosema kitu. Mmea ulipoonekana haufai, ukatupwa mferejini. Ulipoanza kujaa mifereji na mito, mwaka 1960, watu waliutazama haraka wakasema ni aina ya Elodea, wakauita Elodea ya Florida. Ulikuwa Hydrilla. Walipojua kwa hakika wamekaribisha nini, viazi vyake vilikuwa vimeshalala kwenye tope la maziwa mengi, na jimbo likaingia katika gharama za kuupiga vita ambazo hazijaisha mpaka leo. Watafiti wa Kimarekani walisafiri nchi nyingi wakitafuta wadudu wanaoula, wakafika hadi Ziwa Tanganyika, upande wetu wa Burundi. Nawaza mara nyingi juu ya safari ile: ndege, magari, mitumbwi, miaka, kwa sababu kuna siku ambayo hakuna aliyepitisha jani kati ya vidole viwili.

Nasi hapa tuna mkosi wetu. Gugu maji, lenye ua la zambarau ambalo bibi harusi angelishika, asili yake ni Amerika ya Kusini. Liliingia katika maji yetu kama pambo. Kulitofautisha na Pistia, ile inayoelea kama kichwa cha saladi, ni kazi ya nukta moja: bonyeza kikonyo cha jani. Kikiwa kimevimba kama kibofu chenye sponji, ni gugu maji. Majani ya Pistia hayana kikonyo cha namna hiyo. Yana manyoya mafupi, na tone la maji hukaa juu yake kama shanga. Baba mkubwa alikuwa mpole kwa mambo mengi, lakini mtu aliyemwaga masalia ya tangi mtoni Ntahangwa hakurudi tena nyuma ya pazia. Mimea ya tangi alikausha juani mpaka ikavunjika kama chai, ndipo akaizika.

*

Yapo mambo ambayo tangi la Bujumbura hufundisha na la mahali pengine halifundishi. Sehemu kubwa ya maji ya bomba letu hutoka ziwani, na Ziwa Tanganyika lina maji mazito ya alkali, pH yake ikikaribia 9. Tuliyaacha ndooni siku nzima klorini itoke, tukayamimina. Mimea mingi inayosifiwa katika vitabu vya Ulaya, ile ya mito ya Amazon yenye maji laini na tindikali, iliingia humo ikafa polepole, kwa adabu. Sababu yake ni chakula. Katika maji ya alkali, kaboni dioksidi iliyo huru ni haba mno. Kaboni nyingi imefungwa ndani ya bikaboneti. Vallisneria, Hydrilla, Ceratophyllum na ndugu wengi wa Potamogeton wanajua kuifungua hiyo bikaboneti na kula. Wengine hawajui, wakakaa mbele ya karamu iliyofungwa kufuli.

Hili likawa kitambulisho cha ajabu. Ukiletewa mmea usioujua, ukautia katika maji yetu, nao ukachanua shanga za hewa mchana kutwa, umeshaambiwa jambo juu ya kwao. Baba mkubwa aliita huku "kumuuliza mgeni anakula nini".

Mpendwa wake alikuwa Vallisneria, mmea wa majani marefu kama utepe yanayolala na mkondo. Jina lake, ambalo mwanabotania Linnaeus aliliandika mwaka 1753, ni kumbukumbu ya daktari wa Kiitalia, Antonio Vallisneri. Mwaka 1850 mkemia wa London, Robert Warington, alieleza jinsi alivyoweka chombo cha maji chenye samaki wawili wa dhahabu na mmea huo, Vallisneria spiralis. Samaki wangevuta hewa iliyotolewa na mmea, mmea ungelishwa na uchafu wa samaki. Majani yalipooza na kuchafua maji, akaongeza konokono. Vyombo vikatulia. Tangi la samaki kama tulijuavyo lilizaliwa karibu na hapo, kwa hiyo mmea huu ulikuwamo tangu harusi ya kwanza. Ndugu zake wanaota kwenye mchanga wa ghuba tulivu za ziwa letu.

Na harusi yake yenyewe ni hadithi. Mmea dume na mmea jike huishi mbalimbali. Dume huachia maua madogo kuliko punje ya ulezi kutoka chini kabisa. Yanapanda juu kama mapovu, yanafunguka, yanasafiri kwa upepo kama mitumbwi isiyo na kasia. Jike hupeleka ua lake juu kwa uzi mrefu mwembamba, likae usoni mwa maji lisubiri. Mtumbwi ukifika, uzi hujikunja kama springi na kulivuta tunda chini. Lakini kwenye tangi la baba mkubwa wote walikuwa jike, kwa kuwa wote walitokana na mche mmoja uliotambaa mchangani ukizaa binti baada ya binti. Kila mara uzi ulipanda, ua likasubiri siku kadhaa, likafa. Alikuwa haliondoi mpaka lioze lenyewe.

*

Watu wa mbali wanalijua ziwa hili kwa samaki. Mbelgiji Pierre Brichard alifika Burundi mwanzoni mwa miaka ya 1970, akasafirisha samaki wa mapambo kutoka fukwe hizi, akaandika juu yao kitabu mwaka 1978 na kingine kikubwa zaidi mwaka 1989. Mwaka 1974 Max Poll, mtaalamu wa samaki, aliipa spishi moja jina la brichardi. Katika biashara samaki huyo mwenye mapezi kama shela huitwa Binti Mfalme wa Burundi. Baba mkubwa ujanani alikuwa mmoja wa vijana wa mji huu waliofunga samaki wa kusafirishwa: mfuko wa plastiki, maji kidogo, oksijeni nyingi, mpira mara mbili, sanduku. Alijua samaki waliopokewa Ulaya kwa majina ya kifalme. Mimea ya ziwa hilohilo haikupata hata jina la mtumwa. Wakusanyaji walifanya kazi kwenye miamba, walikokaa samaki wa bei. Mimea iko kwenye mchanga na tope, kwenye ghuba na kuelekea mdomo wa mto Rusizi, penye matete na viboko. Sandukuni ilitiwa wakati mwingine ili samaki wasiumie, na kwenye karatasi za mzigo iliandikwa "nyasi".

Nadhani hapo ndipo alipoanza. Hakuwahi kusema hivyo.

Kuna mmoja wa "nyasi" hizo uliomchekesha. Una shina, una matawi yaliyozunguka vifundo, ungeapa ni binamu wa Ceratophyllum. Ukiushika unakwaruza kama una vumbi la chokaa, na ukiuponda unanuka kama kitunguu saumu kilicholala. Ni Chara, nao hauna mizizi ya kweli, hauna maua, hauna mishipa. Ni mwani uliojifunza kuvaa kama mmea. Pingili yake moja, yenye urefu wa sentimita kadhaa, ni seli moja. Pua ilimaliza kesi ambayo jicho lilikuwa limeshaihukumu vibaya.

*

Jambo gumu kuliko yote lilikuwa kungoja. Mimea mingi inayouzwa hukuzwa vitaluni ikiwa nje ya maji, kwa kuwa huko hukua haraka. Ukiizamisha, majani yale magumu huoza, na yanayofuata huja na sura nyingine kabisa: membamba, laini, hata rangi tofauti. Kwa hiyo mmea ulionao Jumatatu si ushahidi. Ushahidi ni jani la mwezi wa tatu, lililozaliwa ndani ya maji yako. Mara nyingine hata hilo halizaliwi. Yule mmea uitwao mianzi ya bahati, ambao si mwanzi bali ni Dracaena ya misitu ya Afrika ya Kati, huuzwa kama wa majini. Huzamishwa, husimama mwezi, miwili, bila jani jipya, kisha hunyauka kuanzia katikati. Haukuwa hai majini. Ulikuwa unachelewa kufa.

"Mpe muda akuambie," alikuwa akisema. Nami kijana, nilitaka jina leo.

Nilipokuwa mkubwa nilisoma juu ya mabishano ya mto Rusizi. Mwaka 1858 wasafiri Burton na Speke walifika ncha hii ya ziwa, mpaka Uvira, wakitaka kujua kama mto huo unatoka ziwani au unaingia. Wenyeji waliwaambia: unaingia. Hawakufika mdomoni kujionea, na ubishi ukaendelea Ulaya kwa miaka kumi na mitatu. Novemba 1871, Livingstone na Stanley walipiga makasia hadi kwenye matete ya mdomo wenyewe, wakaona maji yanakuja. Jiwe lenye majina yao na tarehe 25 ya mwezi huo liko Mugere, kusini mwa jiji. Wapiga makasia waliokuwa wakijua tangu mwanzo hawana jiwe. Kwa miaka ile yote jibu lilikuwa pale pale, likimiminika, likisubiri mtu wa kutazama au mtu wa kusikiliza.

Na kuna jambo la karibu zaidi, ambalo nalisema taratibu. Nchi yetu imelipa, zaidi ya mara moja, bei ya watu kutambuana kwa haraka: kwa kimo, kwa pua, kwa mtaa mtu anakotoka. Mtu si jani, na sitaki kumfanya mtu kuwa jani. Lakini najua chumba cha nyuma kilinifanya nini. Kilinizoeza kuona aibu kidogo kila ninapotoa jina kabla ya kutazama. Kilinifundisha kwamba alama ya nje yaweza kuwa taa tu. Kwamba kitu chaweza kubadili sura mahali kilipohamishiwa bila kuwa kimedanganya. Kwamba jina ni dai, na anayedai ndiye mwenye mzigo wa kuthibitisha. Sikufundishwa hayo kwa mawaidha. Baba mkubwa hakuwa mtu wa mawaidha. Nilifundishwa kwa meno ya jani.

*

Macho yalimwishia taratibu. Kwanza hakusoma tena utepe. Kisha hakuona samaki. Mwisho alijua tu kwamba taa imewaka. Hakuacha kazi. Alikunja mkono wa kanzu, akatia mkono tangini, akatulia kama mtu anayesikiliza. "Huyu ana uti... ana meno mpaka ncha... huyu wa ziwani." Nilisimama pembeni nikithibitisha kwa lenzi, na mara chache sana lenzi ilimpinga. Umeme ulipokatika usiku, tukiwa na wasiwasi kwa samaki, kwa kuwa gizani mimea nayo huvuta oksijeni, ni yeye aliyejua matangi yote kwa mkono, akitangulia kuligusa lililosongamana zaidi. Kwake giza halikubadili chochote.

Tangi la pembeni kabisa lilikuwa na mmea ulioletwa na msafiri kutoka ng'ambo, majani kama utepe, mafupi kidogo. Nilisema mara moja ni Vallisneria. Wenye sura hiyo ni wengi, na mmoja wao, Sagittaria wa Amerika, hufanana nayo mpaka wauzaji huwachanganya. Ncha ya Vallisneria huwa na meno madogo. Ya Sagittaria haina. Lakini kuna Vallisneria ambao meno yao hufifia mno. Nilipitisha kidole, nikajiambia nayahisi. Baba mkubwa alipitisha chake, akakaa kimya. Akaniambia niandike Vallisneria, na mbele yake niweke alama ya kuuliza. Niliona anadharau macho yangu. Niliandika, nikaikoleza ile V.

Ilipita miezi kumi na minne. Mmea ulitambaa, ukazaa, ukajaza sakafu ya tangi. Kila nilipopita niliisoma ile alama ya kuuliza kama tusi dogo. Asubuhi moja nilifungua kifuniko kuongeza maji, nikaona juu ya uso wa maji kitu cheupe. Nilimwita. Alikuja akipapasa ukuta, akasimama karibu yangu, hakutia mkono.

"Niambie."

"Ua, baba mkubwa."

"Maua ni mengi."

Nikainama. "Jeupe. Lina petali tatu. Duara. Katikati kuna manjano. Limekaa kwenye kikonyo, na kikonyo hakijajisokota. Chini yake kuna vichipukizi vingine viwili vinakuja."

Alitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyeletewa salamu za jamaa alizokuwa akizitarajia. Ua la Vallisneria ni dogo, halina weupe wa kujionyesha. Hili lilikuwa Sagittaria, limejitaja lenyewe kwa wakati wake. Nilingoja anikumbushe miezi kumi na minne. Hakusema lolote juu ya hilo. Alinyoosha mkono hewani, kiganja juu.

"Lete kifutio," akasema.

Nilikileta, na kalamu ya risasi pia.